Jumba Lililopotea na Karatasi Iliyobaki

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa chama)



Nimeombwa niseme machache juu ya mambo ya kale. Nimechagua khabari ya jumba moja la Uingereza ambalo halipo tena, kwa kuwa inatuhusu sisi tushikao kalamu.

Jumba hilo lilikuwa Ampthill, katika jimbo la Bedfordshire. Lilijengwa katika karne ya 15 na Sir John Cornwall, aliyepigana vita vya Agincourt mwaka 1415. Zama zile bwana mwenye ardhi aliizungushia nyumba yake kuta na minara, iwe makao na ngome pamoja. Baadaye likawa mali ya Mfalme Henry wa Nane.

Mwaka 1533 alikaa humo Catherine wa Aragon, mke aliyeachwa na mfalme ili amwoe Anne Boleyn. Tarehe 23 Mei Askofu Mkuu Cranmer alihukumu, katika mji wa Dunstable usio mbali na hapo, kwamba ndoa yake na Henry ilikuwa batili. Mwezi Julai wakaja wajumbe kumwambia kuwa yeye si Malkia tena, bali aitwe mjane wa Arthur, ndugu wa mfalme, aliyemwoa kwanza. Walimkuta amelala, mguu umechomwa na pini, na kikohozi kinamsumbua. Akakataa. Alipoonyeshwa taarifa yao, akaagiza kalamu na wino, akalikata jina lile jipya kila lilipoandikwa.

Alikufa Kimbolton tarehe 7 Januari 1536, wala hakulikubali jina hilo. Jumba nalo likachakaa, likabomolewa, hata mahali pake pakawa majani matupu. Mwaka 1773 ukasimamishwa hapo msalaba wa jiwe, watu wapate kupajua.

Mabwana, kuta zile nene zimekwisha, lakini mkato wa kalamu ya mwanamke mgonjwa unajulikana hata leo. Sababu ni kwamba wajumbe waliyaandika majibu yake kama alivyoyasema, ingawa hayakuwa ya kumpendeza bwana wao.

Basi tuandikapo taarifa, tuandike neno alilolisema mtu, si lile ambalo mkubwa angependa kulisikia. Na karatasi tukiisha kuiandika, tuilinde na mvua na mchwa, maana huenda ikaishi kuliko ofisi yenyewe.