Kwa Nini Mnunuzi Arudi Kwetu?

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwenye semina ya viongozi wa vikundi vya uzalishaji mali)

Nimeombwa kuzungumza juu ya mkakati wa biashara. Neno hili limezoeleka kwenye maandiko ya miradi, na wengine huliandika kwa sababu tu fomu inalidai. Mimi pia nimewahi kufanya hivyo, kwa hiyo naanza na kosa langu.

Miaka kadhaa iliyopita tulisaidia kikundi cha akina mama kupata mashine ya kusaga. Andiko niliandika mimi. Kijiji hakikuwa na mashine, na watu walitembea zaidi ya saa moja na debe la mahindi kichwani. Mwaka wa kwanza foleni ilikuwa ndefu mpaka jioni. Tukapiga picha, tukaripoti mafanikio. Mwaka wa tatu palikuwa na mashine nne. Kikundi kikashusha bei, wenzao wakashusha zaidi. Fedha ya matengenezo ikamezwa na bei hiyo, na kinu kilipoharibika hakikutengenezwa tena. Leo kile kibanda ni stoo ya mbao. Akina mama wale hawakuwa wavivu, wala hakuna aliyekula fedha; vitabu vyao nilivikagua mwenyewe. Kasoro ilikuwa kwenye andiko langu. Sikujiuliza: siku mtu mwingine akinunua mashine kama hii, kikundi kitabaki na nini?

Profesa Michael Porter wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alitoa kitabu mwaka 1985 juu ya jambo hili. Kwa lugha yetu, anasema mfanyabiashara hushinda kwa njia mbili: ama anazalisha kwa gharama ndogo kuliko wenzake, ama ana kitu cha tofauti ambacho mnunuzi yuko tayari kukilipia zaidi. Angalieni hapo, kwa sababu vikundi vyetu vingi huchanganya gharama ndogo na bei ndogo. Kushusha bei anaweza kila mtu, leo hii. Asiye na gharama ndogo akishusha bei anakula mtaji wake.

Mfano ninaoupenda ni wa jirani zetu wa Rwanda. Mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa yaliyogawa mafungu ya kuuza kahawa nje yalivunjika. Baadaye Vietnam ikaongeza kilimo kwa kasi kubwa, na mwaka 2001 wastani wa bei ya kahawa duniani ukawa chini ya senti 50 za dola kwa ratili. Wakulima wa kwetu wenye umri wangu wanaukumbuka wakati ule. Wapo waliong'oa mibuni. Sasa fikirieni Rwanda: nchi ndogo ya vilima, isiyo na bahari, kahawa yake isafiri mpaka Mombasa au Dar es Salaam ndipo ipande meli. Kwa wingi isingeiweza Brazili, wala kwa urahisi wa bei isingeiweza Vietnam. Wakulima walimenya kahawa nyumbani kwa vifaa vya mkono, ikachanganywa yote na kuuzwa kama kahawa ya kawaida.

Huko Maraba, kusini mwa nchi, wakulima walianzisha ushirika mwaka 1999. Wengi wao walikuwa wajane na yatima wa mauaji ya kimbari ya 1994. Kwa msaada wa vyuo vikuu vya Rwanda na Marekani walijenga kituo cha kuosha kahawa mwaka 2001. Kufikia 2003 kahawa yao iliuzwa katika maduka ya Sainsbury's nchini Uingereza, ikiwa na jina la Maraba.

Mtasema, basi nao walipata mashine. Ni kweli. Lakini vituo vya kuosha vikaenea, na sasa nchi nzima ina zaidi ya 300. Mashine peke yake isingewalinda Maraba, kama ile ya kusaga ilivyoshindwa kuwalinda akina mama wetu. Kazi ngumu ni ile inayoizunguka: kuchuma matunda mekundu tu, kuyafikisha kituoni siku ileile, kuyatia majini na kuondoa yanayoelea, kisha kuchambua punje kwa mkono juu ya vichanja. Kahawa ya ukanda ule ina kasoro iitwayo ladha ya kiazi, na punje moja mbaya yatosha kuharibu kikombe kizima. Kwa hiyo uzembe wa mwanachama mmoja ni hasara ya wote, na mnunuzi wa ng'ambo hana muda wa kuuliza ni nani. Nidhamu hiyo haiuzwi dukani pamoja na mashine. Huchukua miaka, na mshindani akitaka kuiga naye atahitaji miaka.

Sasa nije kwetu. Mezani kwangu kuna maombi matatu, na yote ni ya mashine ya kukamua alizeti. Bei ya mashine mmeieleza vizuri, hata mashudu mmeyapigia hesabu. Sikuona mahali panapomtaja mnunuzi. Kabla sijayapeleka mbele, naomba kila kikundi kiongeze ukurasa mmoja: nani atanunua mafuta yenu, kwa nini arudi mara ya pili, na mtafanyaje mashine ya pili ikifungwa ng'ambo ya barabara.

Mama mmoja amenijibu asubuhi hii pale mlangoni. Anasema wao watakataa mbegu isiyokauka vizuri, hata ikiwa ya mwenyekiti, na mafuta yatakaa mpaka yatue mashapo ndipo yatiwe kwenye chupa. Nikamuuliza kama mwenyekiti amekubali. Akacheka, akasema bado hawajamwambia. Mwenyekiti yuko hapa, amekaa safu ya pili, na baada ya chai tutaanza na yeye.