Maji ya Ziwa na Mtambo Wetu wa Majaribio



Wengi wenu mmeuliza, wala si bila haki, kwa nini mtambo mdogo wa maji hapa Sori umekwisha kujengwa, maji yatoka, nasi bado twayamwaga, hali akina mama waendelea kuteka ziwani.

Maji ya Ghuba ya Karungu hutuama kwanza tangini, hupita kwenye kokoto, kisha mchanga laini, polepole, sentimita 10 hadi 20 kwa saa. Kinachozuia vijidudu hasa ni utando wa viumbe hai uotao juu ya mchanga, nao huchukua majuma kadhaa kukomaa. Kabla ya hapo maji huonekana safi, na hapo ndipo yadanganyapo.

Mwaka 1892 miji ya Hamburg na Altona, Ujerumani, ilikunywa maji ya Mto Elbe. Hamburg haikuyachuja, watu zaidi ya 8,000 walikufa kwa kipindupindu. Altona iliteka chini zaidi, palipopita uchafu wa jirani yake, lakini mchanga uliikinga. Hata hivyo, baridi iliyofuata iligandisha chujio mojawapo, na ugonjwa ukapenya.

Siku za kwanza maji yetu yalitiririka kidogo mno. Wako walioshauri tukwangue mchanga. Tulikataa, kwani mchanga mpya hauzibi kwa siku mbili. Hewa ilikuwa imenaswa ndani. Tulishusha maji, tukajaza upya kutoka chini kwenda juu. Hewa ikatoka, mkondo ukarudi. Siku utando utakapoziba kweli, tutaondoa sentimita 1 au 2 za juu, kisha tutangoja tena.

Wengine wasema shabu ingeharakisha kazi. Shabu husafisha matope vizuri, lakini mabonge yake yakivuka tangi huziba mchanga upesi.

Klorini hutiwa mwisho, nayo yahitaji dakika 30 kabla ya mtu kunywa.

Sasa ombi letu. Pametolewa shauri pampu izimwe usiku ili kuokoa mafuta. Maji yakisimama, utando hukosa hewa na kufa, nasi tutaanza kuhesabu majuma upya. Twaomba mkutano huu uamue leo juu ya zamu ya usiku na ada ya mafuta.