Mkataba Brooklyn, Ukuta Aswan



Mwaka 437 KK, mtumishi wa hekalu aitwaye Anania alinunua nyumba kuukuu katika mji wa Elephantine, kisiwa cha Mto Nile mkabala na Aswan, kwa shekeli 14 za fedha. Mwandishi wa mkataba hakuwa na namba ya kiwanja. Alitaja majirani, upande kwa upande. Ng'ambo ya barabara lilikuwapo hekalu la Yahu, Mungu wa askari wa Kiyahudi waliolinda mpaka huo kwa niaba ya mfalme wa Uajemi. Mtu aliyewahi kununua shamba kijijini mbele ya mashahidi atauelewa utaratibu huo bila kufafanuliwa.

Mkataba wenyewe uko Brooklyn, New York. Charles Wilbour, Mmarekani, aliununua Aswan mwaka 1893 pamoja na nyaraka nyingine za familia ile, na haukuchapishwa hadi 1953. Nyumba ilibaki kisiwani.

Kati ya 1906 na 1908 kilima kimoja cha magofu kisiwani humo kilichimbwa na misafara miwili, Wajerumani wakiwa na Otto Rubensohn, Wafaransa wakiwa na Charles Clermont-Ganneau. Kila msafara ulikuwa na upande wake, na wote walitafuta maandishi ya Kiaramu. Mafunjo yalikwenda Berlin na Cairo, vigae vingi vyenye maandishi vikaishia Paris. Kuta za matofali mabichi, ambazo wakulima walikuwa wamezichimba miaka mingi wakizigeuza mbolea, hazikuwashughulisha sana. Huo haukuwa ushirikiano. Yalikuwa mashindano ya majirani wasioamkiana.

Tangu 1969, Taasisi ya Akiolojia ya Ujerumani na ile ya Uswisi zimechimba huko kwa pamoja, kwa kibali cha Misri. Safari hii kilichotafutwa ni mji: nyumba, jiko, ghala, tabaka juu ya tabaka. Walipofika mtaa wa karne ya tano KK, mipaka iliyotajwa katika mikataba iliwekwa sambamba na ramani ya kuta zilizopimwa. Karatasi iliyoko Marekani ikasaidia kutambua makazi ya mtaa ule na mahali pa hekalu, na kuta nazo zikaupa mkataba mitaa ya kweli. Kwangu mimi, hapo ndipo ushirikiano ulipoanza.

Wengi hupenda kuujadili ushirikiano huo kwa kuuliza nani aliondoka na nini. Swali hilo lina uzito wake. Kichwa cha Malkia Nefertiti kilipatikana Amarna, Misri, Desemba 1912, na Januari 1913, katika mgawo wa vitu kati ya Misri na wachimbaji, kikaangukia upande wa Mjerumani Ludwig Borchardt. Hadi leo kiko Berlin, na hadi leo Wamisri wanakidai. Sheria ya Misri namba 117 ya 1983 iliubana mno mgawo wa aina hiyo. Lakini vitu vinaweza kubaki Misri vyote, na maarifa bado yakasafiri.

Watazameni watu wa Quft, mji wa Misri ya Juu. Mwakiolojia Mwingereza Flinders Petrie alianza kuwafundisha uchimbaji mnamo 1893, na kazi ikarithiwa baba kwa mwana. Fundi wa Quft hutofautisha tofali lililoanguka na tofali lililojengwa kwa kusikiliza mwiko unavyogonga. Misafara mingi imemtegemea, na vitabu vingi vimemwita kibarua. Shule za uwandani zilizofunguliwa Giza mwaka 2005 kwa wakaguzi wa Kimisri, karibu na mji wa wajenzi wa piramidi, zilikuwa hatua nzuri, ingawa zilichelewa kwa takriban karne nzima.

Na sisi? UNESCO ilipoita dunia mwaka 1960 kuokoa magofu ya Nubia yasimezwe na maji ya bwawa jipya la Aswan, Chuo Kikuu cha Ghana kiliitika. Kuanzia 1961, nchi ikiwa na miaka minne tu ya uhuru, kilichimba mji wa Wanubi Wakristo huko Debeira West, upande wa Sudan. Vyuo vya Afrika Mashariki vina watu waliokomaa katika magofu ya Kilwa na Gedi. Tukiomba nafasi Misri, tusianze na darubini wala droni. Tuanze na wanafunzi wawili watatu wanaojua Kiarabu cha kutosha kukaa na fundi wa Quft, waandike anachosema, na jina lake litangulie kwenye ripoti.