Gharama Yote Itajwe Kabla ya Sahihi



Anayekuja kwetu akilalamika kwamba amedhulumiwa, mara nyingi hakuibiwa usiku. Ana karatasi mkononi, yenye sahihi yake mwenyewe.

Tuchukue mfano. Mzazi anatafuta karo. Anaambiwa akope shilingi 10,000 na kuzirudisha baada ya mwezi mmoja kwa riba ya asilimia 10. Siku ya kupokea anakatwa shilingi 800 za kushughulikia maombi na 300 za bima. Anapata 8,900, na deni linabaki 11,000. Basi amelipia mkopo huo shilingi 2,100, yaani karibu asilimia 24 ya alichopokea. Aliyemtajia asilimia 10 alinyamaza palipompasa kusema, na kunyamaza huko ni sawa na kubonyeza mizani kwa kidole.

Sheria za Kenya zinakikataza kidole hicho. Katiba ya 2010, ibara ya 46, inampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi huduma kikamilifu. Ikafuata Sheria ya Ulinzi wa Mtumiaji ya mwaka 2012. Mwaka 2016 Mamlaka ya Ushindani iliagiza kwamba wanaotoa huduma za fedha kwa simu waonyeshe ada zote kabla mteja hajathibitisha. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 nazo zinawataka wakopeshaji wa kidijitali wamweleze mteja riba na ada kabla ya kumkopesha.

Lakini sheria haijipeleki yenyewe mezani pa mkopeshaji. Hupelekwa na anayeuliza. Tuulize mambo matatu: Nitapokea kiasi gani mkononi? Nitarudisha jumla gani, na lini? Nikichelewa, nitaongezewa nini? Majibu yaandikwe. Anayekataa kuyaandika amekwisha kutujibu.

Tena tuanze nyumbani. Vyama vyetu vya kuweka na kukopa, hata vinavyokutana katika ukumbi wa parokia, vina ada za fomu na faini ambazo mjane huzijua siku ya kukatwa. Kitabu cha Walawi, sura ya 19, kinaagiza mizani ya haki, na agizo hilo walipewa watu wa Mungu wenyewe. Kila mweka hazina na abandike ukutani orodha ya makato yote. Tukiificha sisi, tutaidai benki kwa uso gani?