Mto Upewe Nafasi Yake

Hotuba kwa wakazi wa Kimbo



Baadhi ya miji ya kaunti hii ilizaliwa kando ya mito. Thika na Ruiru zina majina ya mito yao. Hoteli ya Blue Posts ilianzishwa Thika mwaka 1908, kati ya maporomoko ya Chania na ya Thika, na wageni walikuja kuyatazama maji. Leo nyumba nyingi zimeupa mto kisogo. Mlango unatazama barabara, na taka zinatupwa nyuma, mtoni.

Wahenga walisema maji hufuata mkondo. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024, yaliyoua watu zaidi ya 200 nchini, yalikumbusha kila mtu hivyo. Mto ukinyimwa ukingo wa kutandaza maji yake, huyatandaza sebuleni. Nao mtaa uliofunikwa kwa saruji na mabati haunyonyi mvua: maji yote hukimbilia mtaroni, na mtaro ukiziba kwa plastiki, barabara hugeuka bwawa.

Kanuni za rasilimali za maji za mwaka 2007 ziliweka ukingo wa kuachwa wazi kila upande wa mto, usiopungua meta 6 wala kuzidi meta 30, kulingana na upana wa mto. Katiba nayo, kifungu cha 62, inasema mito ni ardhi ya umma.

Hapa ndipo penye uchungu. Wakati wa kiangazi, ploti ya ukingoni huonekana kavu na bei yake hupendeza. Mnunuzi huweka humo akiba ya miaka mingi, kisha mvua ya masika huja kudai mahali pake. Kabla ya kulipa, mnunuzi atafute rekodi za shamba katika ofisi ya ardhi, na aende na mpimaji aliyesajiliwa hadi kwenye bikoni. Awaulize pia majirani maji yalifika wapi mwaka 2024.

Jiji la Seoul, Korea Kusini, lilikuwa limeufunika mto Cheonggyecheon kwa saruji na kujenga barabara juu yake. Kati ya 2003 na 2005 barabara hiyo ilibomolewa, mto ukafunguliwa. Siku hizi watu hupunga upepo hapo, na mkondo hubeba maji ya mvua kubwa. Lakini kubomoa ni ghali. Kimbo bado inakua, na kuacha ukingo wazi leo ni nafuu kuliko kubomoa kesho.

Kazi ya kuanza nayo ni ndogo: mitaro izibuliwe kabla ya masika, matangi yavune maji ya paa, na kingo zipandwe mianzi na mikuyu badala ya mikaratusi inayokunywa maji mengi.

Maji ya mto Ruiru huingia Athi, yakafika baharini karibu na Malindi kwa jina la Sabaki. Anayeutunza mto hapa, anamtunza na jirani asiyemjua.