X Nyekundu Haifundishi

Matokeo ya darasa la saba mmeyasikia, ndugu wasikilizaji. Na lawama za UNEB, baraza la mitihani la Uganda, mmezisikia: watahiniwa wanashindwa kujieleza kwa Kiingereza, wanakariri insha za mwalimu na kuzimwaga kwenye karatasi. Hatubishi. Ila lawama hizo si ngeni masikioni mwetu, na kila zikija humwangukia mtoto.

Kituo hiki kinauliza: nani alimwonyesha mtoto huyo kosa lake?

Fungua daftari la insha, liwe la Busia upande huu wa mpaka au upande ule, liwe la Malaba au Tororo mjini. X nyekundu. X nyekundu. Chini kabisa, alama saba kwa ishirini na neno moja: jitahidi. Ajitahidi nini?

Mtoto ameandika "My father he came". X. Kwa Kisamia, kwa Kilugwe, kwa Kiswahili hiki tunachosema, kwa kawaida kitendo hakitembei bila kiambishi cha mtendaji wake: baba yangu amekuja. Ile "a" ya mbele mtoto ameivusha mpaka, akaiita "he". Kiingereza hakiihitaji, baba ameshatajwa. Kumweleza hivyo ni dakika mbili. X nyekundu haimwelezi.

Mwingine ameandika "Although it rained but we went". X. "Ingawa" na "lakini" zetu hukaa pamoja bila ugomvi. Kiingereza kinataka moja tu. Mwingine ameandika "Because the bus was late", akaweka nukta, akanyamaza. Sababu tumepewa, lakini kilitokea nini? Na yupo wa sentensi ya mistari sita, koma baada ya koma, kama treni ya mizigo inayopita Malaba, hujui kichwa kiko wapi. Wote wanne wamepewa X ileile.

Badala ya kufundisha sentensi, tunaadhibu lugha. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika mwaka 1986 jinsi watoto wa enzi za mkoloni walivyochapwa au kuvalishwa vibao shingoni kwa kusema Kigikuyu shuleni. Mkoloni ameondoka. Wapo bado walimu wanaoamini kwamba ukimziba mtoto Kisamia, Ateso au Dhopadhola, Kiingereza kitajaa chenyewe. Hakijai. Mtoto anatoka hapo na lugha mbili anazoziogopa, na insha bado ina X nyekundu.

Mtaala wa Uganda wa 2007 ulisema mtoto aanze kwa lugha ya nyumbani hadi darasa la tatu, kisha Kiingereza kishike usukani. Shule nyingi za mjini hazikungoja, zilianza na Kiingereza siku ya kwanza. Kenya nako mtihani wa kumaliza shule ya msingi, KCPE, ulizikwa baada ya 2023. X nyekundu haikuzikwa nao.

Tunajua darasa limefurika. Tunajua mwalimu anasahihisha usiku, kwa taa yake, na mshahara wake tunaujua. Lakini madaftari themanini yenye X zisizoelezwa ni kazi ya bure, na mwalimu ndiye anayechoka.

Kwa hiyo wakuu wa shule, kama vibao hivyo bado vipo shuleni kwenu, wavueni watoto! Walimu, kesho asubuhi chagueni sentensi moja mbovu, moja tu, bila kumtaja aliyeiandika. Iandikeni ubaoni. Waulizeni watoto: nani amefanya? Amefanya nini? Habari imeisha au bado? Waacheni waitengeneze wenyewe, wabishane, hata kwa Kisamia! Keshokutwa chagueni nyingine!

Nanyi wazazi, hata usiyesoma Kiingereza, usiseme hayakuhusu! Leo jioni, kabla sufuria haijateremka jikoni, mwite mwanao na daftari lake. Akusomee insha kwa sauti. Akiishiwa pumzi kabla ya kufika nukta, mwambie arudi nyuma, atafute pale habari ya kwanza ilipoishia, aweke nukta hapo. Kisha aendelee kusoma.