Injini Ndani ya Gunia

Hotuba ya askari wa mahusiano ya jamii mbele ya mafundi wa pikipiki, wauza vipuri na waendesha boda boda, katika mji wa mpakani nchini Uganda



Bila shaka mlitarajia tuanze na kofia ngumu na leseni, kama ilivyo desturi yetu. Leo tutazungumzia pikipiki moja tu, ile ndogo iliyoegemezwa chini ya mwembe, ambayo watoto wamekwisha kuizunguka. Na tutaanza kwa kukiri kosa letu wenyewe.

Usiku mmoja doria yetu ilimkuta kijana wa mtaa huu akitembea na gunia begani. Ndani ya gunia mlikuwa na injini. Tulimtaka risiti; hakuwa nayo mfukoni. Tuliimulika injini kwa tochi tukaigeuza huku na huku, hatukuona namba. Tulipomuuliza ni ya pikipiki gani, alijibu kwamba anaijenga pikipiki iitwayo Monkey, na askari wetu, wakijua neno hilo maana yake ni tumbili, wakadhani anawafanyia dhihaka. Kijana akalala mahabusu.

Asubuhi alikuja mama yake akiwa na daftari la shule. Humo mwanawe alikuwa ameandika kila kipande alichonunua: siku, bei, jina la muuzaji na namba yake ya simu. Fundi mmoja mzee aliyekuwa amekuja kituoni kwa shughuli zake akaomba mafuta ya taa na tambara. Akaipangusa injini upande wa kushoto, chini, mahali palipofunikwa na grisi ya miaka mingi, na namba ikajitokeza, ikianza na C70E. Tukampigia muuzaji, akaitaja bei ileile. Yaani tambara moja lililoloweshwa mafuta ya taa lingemwezesha kijana yule kulala kwao. Tulimwomba radhi siku ile mbele ya mama yake, na leo tunamwomba radhi mbele yenu, kwa kuwa alipokamatwa mliona, na alipoachiliwa si wote mlioona.

Tangu hapo tulitaka kujua anachokijenga ni nini hasa, naye akatufundisha. Pikipiki hii si mzaha. Mwaka 1961 kampuni ya Honda ilitengeneza vipikipiki vya kuchezea watoto katika bustani yake ya burudani iitwayo Tama Tech, mjini Tokyo. Mtu mzima alipokipanda, magoti yalipanda juu na mgongo ukapinda, akafanana na tumbili. Jina likatokea hapo. Kilipendwa hata kikatengenezewa barabara, na mwaka 1967 kikaanza kuuzwa Japani kwa jina la Z50M, chenye usukani unaokunjwa ili kiingie ndani ya buti la gari. Injini yake, yenye sentimita za ujazo 49, ilitoka katika ukoo wa Super Cub, ile Honda iliyoanza kuuzwa mwaka 1958 na ambayo kufikia mwaka 2017 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 100. Wazee waliopo hapa wanazikumbuka Honda hizo chini ya walimu na wauguzi.

Fremu ya kijana huyu aliachiwa na marehemu babu yake, ambaye naye alipewa na mgeni aliyemwajiri, siku mgeni huyo alipoondoka nchini. Ilikuwa fremu, usukani, tangi lenye kutu na magurudumu mawili. Injini yake ya awali ilikwisha kufa. Basi akatafuta ya Honda C70. Hapo ndipo tulipouona werevu wa ukoo ule. Injini hizo zimelala kifudifudi, na huning'inia kwa bolti mbili zilizo nyuma yake. Matundu ya C50 na ya C70 yanakubali fremu ileile. Mwendo wa pistoni ni uleule, milimita 41.4, kilichobadilika ni upana wa silinda, kutoka milimita 39 hadi 47. Mtu akiielewa familia hii, hatafuti kipuri kwa jina la pikipiki, bali kwa kipimo.

Sasa tuingie katika jambo lililotuleta. Fremu ya pikipiki hii ina namba inayoanza na Z50A, na injini ina namba inayoanza na C70E. Askari asiyejua atasema: namba hazifanani, huu ni wizi. Sivyo. Namba zisizofanana zatuambia kwamba injini imebadilishwa, basi. Kama imebadilishwa kwa haki au kwa hila, hilo huelezwa na karatasi na watu, wala si chuma. Lakini namba iliyopitiwa tupa ni habari nyingine kabisa. Hakuna fundi anayeifuta namba kwa bahati mbaya. Na anayeifuta ajue kwamba chuma kilichogongwa hubanwa hata chini ya alama. Mtaalamu akiipaka asidi mahali hapo, mara nyingi tarakimu hurudi.

Mama zetu wenye maduka, mnajua vizuri kuliko sisi kwamba pikipiki iliyoibwa usiku haionekani tena asubuhi ikiwa pikipiki. Inaonekana ikiwa tangi pale, magurudumu kule, kabureta kwenye meza ya tatu. Na huyu aliyeibiwa huenda ni jirani yenu, ambaye pikipiki yake ilikuwa bado ya mkopo, na deni analilipa hadi leo kwa kubeba mizigo kichwani. Mlipomnunulia mgeni injini isiyo na namba kwa nusu ya bei, mlidhani mmepata faida. Tunawaomba mfanye kama kijana yule: daftari. Halihitaji mashine wala mhuri. Andikeni siku, kipande, namba kama ipo, jina la aliyeleta na simu yake, kisha naye atie sahihi. Mwenye mali halali hukasirika kidogo, halafu huandika. Mwizi husema anarudi kesho.

Kwa mafundi: mkibadilisha injini, mpelekeni mwenye pikipiki akaandikishe mabadiliko hayo katika logibuku, kabla hajasimamishwa barabarani na kuanza kusimulia. Fremu iliyookotwa bila karatasi yoyote msiianze kabla ya kutuuliza. Inaumiza kutia kazi ya miezi mitatu katika kitu ambacho baadaye itabidi kirudishwe kwa mwenyewe.

Tumeambiwa tusimalize bila kugusa usalama, na hapa kijana huyu alitupa masomo ambayo hatukuyasoma chuoni. Tairi za pikipiki hii ni za kipimo cha 3.50-8. Kipimo hicho mtakikuta pia kwenye toroli la kubebea mchanga, na la toroli ni rahisi zaidi. Linaingia kwenye rimu bila taabu, nalo halikutengenezwa kwa mwendo wa barabarani. Mwaliegemeza pikipiki likapendeza, mwalipanda likawaua. Cheni nayo ni ya namba 420, ilhali boda boda zetu nyingi hutumia 428. Umbali wa pini hadi pini ni uleule, kwa hiyo 428 hukaa juu ya meno kana kwamba ni yake. Lakini ni pana kuliko meno yenyewe, itachezacheza na kuyala. Taa za Honda za zamani zile ni za volti 6: balbu ya volti 12 itawaka kama mshumaa, na dereva wa lori hatakuona.

Lililotusumbua zaidi ni breki. Breki zilizomo ni za injini ya 49, na sasa pikipiki ina injini ya 72. Kijana alitaka kuijaribu kwenye barabara kuu siku ileile ilipowaka. Tulimkatalia. Akanuna, nasi tukamwelewa. Nani asingenuna baada ya kungoja hivyo? Tulikubaliana kwamba viatu vya breki vibadilishwe vyote, na majaribio yafanyike ndani ya uwanja wa kituo mpaka fundi mzee atakaporidhika. Yeye ndiye mwamuzi, si sisi.

Askari wenzetu mliosimama nyuma, neno hili ni lenu. Katiba yetu imetupa saa 48 za kumfikisha mtuhumiwa mahakamani, lakini saa hizo si ruhusa ya kuacha kuuliza maswali saa ya kwanza. Tangu siku ile, katika chumba cha zamu pana chupa ya mafuta ya taa na tambara. Atakayeletewa mtu mwenye injini ataipangusa kwanza, ataandika namba, na atapiga simu inayotajwa, kabla ya kuufungua mlango wa mahabusu.

Pikipiki ile bado haijakamilika. Inakosa waya wa breki ya mbele na mkono wake, wa upande wa kulia. Kama yupo mwenye nao dukani, wa Honda ndogo yoyote ya ukoo ule, aje nao Jumamosi asubuhi uwanjani kwetu. Kijana atakuwapo, na atalipa. Aje na daftari lake pia, tuandike.